Afya Yangu Imeingia Kwenye Bajeti

Tangu mwajiri wangu aanze kunipenda, sina amani. Zamani tulielewana vizuri: yeye hana habari na mimi, mimi sina habari na yeye, mwisho wa mwezi tunakutana benki na kuachana kwa heshima. Siku hizi saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia kuniuliza kama nimekunywa maji. Ni ile programu tuliyoambiwa wote tuipakue, na ina sauti ya kike yenye upole wa kutia shaka: "Habari za asubuhi! Je, umejipenda leo?" Saa kumi na moja na nusu mimi niko kituoni Mbagala, nagombania mlango wa daladala. Pale hakuna mtu anayejipenda. Pale watu wanapenda siti.

Jambo lenyewe linaitwa Mpango wa Ustawi wa Wafanyakazi. Lilizinduliwa ukumbini, kwa keki. Keki ya ghorofa tatu, imeandikwa "Afya Kwanza" kwa sukari ya bluu, na ukutani kreti za soda. Tulipomaliza kula akasimama mtaalamu wa lishe kutueleza madhara ya tulichokula. Kisha zikagawiwa fulana, nazo zilikuja saizi mbili: ndogo na ndogo sana. Aliyeagiza nadhani alituona tutakavyokuwa mpango ukifanikiwa. Yangu nimempa mwanangu wa darasa la sita, na hata yeye anailalamikia kwapani.

Na posho haikuwepo. Hili naomba lieleweke na wanaopanga mambo ya ustawi. Mtumishi wa nchi hii ukimkalisha semina tangu saa mbili hadi saa nane, ukampa chupa ya maji na kalamu yenye nembo, halafu ukamwambia "nendeni salama," umempandisha presha ileile uliyokuja kuishusha. Mzee wetu wa masjala, ambaye bado kidogo tu astaafu, aliuliza kwa adabu zote: "Samahani mwanangu, ile karatasi ya kusaini iko wapi?" Dada wa rasilimali watu akamjibu, "Shikamoo mzee, leo faida ni afya yako." Mzee akasema marahaba, akaondoka na chupa nne za maji.

Siku nyingine tukapimwa. Walikuja wauguzi wawili na mzani, wakawekwa pale mapokezi, mahali ambapo hata mleta barua anapita. Mmoja anapima, mwenzake anaandika, na kwa kuwa feni ya mapokezi ina kelele, anayepima ilibidi apaze sauti. "Tisini na sita! Kiuno, mia na nane!" Foleni yote nyuma yangu ikasema "Eeee!" Nikafungwa kile kitambaa cha presha. "Mia hamsini juu ya mia. Baba, una mawazo?" Nikamwambia nilikuwa sina mpaka uliposoma kiuno.

Saa saba nikashuka kwa mama lishe wetu pale nyuma ya jengo. Nikaagiza kama siku zote: wali, nyama, na chapati moja ya kusindikiza. Akanipakulia wali kijiko kimoja, mchicha ukajaa sahani. "Mama, na chapati?" Akanitazama kwa huruma aliyoitoa moyoni kabisa. "Chapati hapana, baba. Nimeambiwa mia na nane." Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na taarifa za afya zimewekwa humo miongoni mwa zile nyeti za kulindwa zaidi. Sheria hiyo haijafika kwenye sufuria ya mama lishe.

Sasa nisionekane mtu wa kulalamika tu. Kwenye foleni ileile alikuwemo dereva wetu, mtu mwembamba, hali chipsi, hajawahi kuumwa hata kichwa. Alipopimwa muuguzi akanyamaza, akampima tena mkono wa pili, kisha akamtafuta bosi. Dereva alipelekwa hospitali siku ileile, na hadi leo anameza dawa za presha na anaendesha gari akiwa na akili zake. Presha ndivyo ilivyo, haibishi hodi. Kwa ajili ya dereva yule mmoja nimeusamehe mzani, mia na nane yangu na mdomo wa mapokezi.

Ila siku hiyohiyo mlinzi wa getini alikuja naye, kavua kofia, akaomba apimwe. Akaambiwa hayumo kwenye orodha. Mlinzi ni wa kampuni ya wakala, sisi tunamkodi tu. Na akina mama wa usafi ni hivyohivyo. Yaani mtu anayesimama saa kumi na mbili usiku kucha, analala mchana kwenye chumba cha bati, anakula mlo mmoja, huyo ustawi wake uko kampuni nyingine. Mimi ninayekaa kwenye kiyoyozi ndiye natumiwa ujumbe wa kunikumbusha kunywa maji.

Tukaja kwenye hatua. Kila mfanyakazi atembee hatua elfu kumi kwa siku, simu inahesabu, mshindi wa mwezi anapewa vocha ya duka kubwa. Mshindi wa mwezi wa kwanza alikuwa mkuu wetu wa idara ya fedha, mtu ambaye akitaka faili lililo meza ya pili anapiga simu. Tukashangaa. Kumbe tarishi wetu akitoka kupeleka barua anakuwa na simu za wakubwa mfukoni, Posta hadi Kariakoo, Kariakoo hadi Ilala, na kila simu ina bei yake. Nilimwuliza kama haoni vibaya. Akasema, "Kaka, mimi hatua hizi nimezitembea miaka yote bure. Leo zimepata soko, unataka nizitupe?" Mimi nimegundua njia isiyo na gharama: bajaji ya kutoka kituoni hadi kwangu ikipita kwenye yale mashimo, simu inanihesabia hatua nikiwa nimekaa. Barabara yetu ikiwekwa lami nitashuka daraja.

Hizo elfu kumi zenyewe ukitafuta zilikotoka utacheka. Hakuna daktari aliyezitoa. Mwaka 1965, mara tu baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa cha kuvaa kiunoni cha kuhesabia hatua, ikakipa jina la Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Namba nzuri ya kuuzia bidhaa. Miaka hamsini na kitu baadaye, mwaka 2019, mtafiti wa Harvard aitwaye I-Min Lee na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wale wa 2,700, na faida ikaongezeka mpaka karibu 7,500, hapo ikatulia. Nikampelekea dada wa rasilimali watu habari hiyo. Akasema ni nzuri sana, lakini mabango yameshachapwa.

Mimi ni mtu wa hesabu, naandaa hati za malipo, kwa hiyo gharama za upendo huu zote zinapita mezani kwangu: keki, fulana, programu ya simu inayolipiwa kwa kila kichwa kila mwezi, mkufunzi wa yoga, vocha. Siku ya uzinduzi tulionyeshwa slaidi yenye mshale unaopanda ikisema kila dola moja inayotumika kwa ustawi wa wafanyakazi inarudi zaidi ya dola tatu. Nikasema hii biashara nzuri hata kuliko mitumba, ngoja niitafute.

Ipo kweli. Mwaka 2010 Katherine Baicker, David Cutler na Zirui Song walikusanya tafiti za Marekani wakakuta gharama za matibabu zinashuka kama dola 3.27 kwa kila dola moja iliyowekwa, na hasara ya watu kutokuja kazini inashuka kama dola 2.73. Kule Marekani mwajiri ndiye anayebeba bima ya afya ya watu wake, kwa hiyo hesabu hiyo ilimwingia kila meneja moyoni. Slaidi yetu imetoka huko, ikavuka bahari.

Ambacho slaidi haikusema ni kwamba Baicker na Song hao hao walirudi kulipima jambo hilo kwa njia ngumu zaidi. Walichukua kampuni ya maduka ya jumla iitwayo BJ's Wholesale Club, yenye wafanyakazi wapatao 33,000 katika vituo 160, wakapiga kura: vituo 20 vipate mpango, vingine viendelee na maisha. Masomo ya lishe, mazoezi, kupunguza msongo, kila kitu. Baada ya mwaka mmoja na nusu wakapima. Waliopata mpango walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito zaidi. Walisema. Ila uzito wenyewe, presha, mafuta kwenye damu, bili za hospitali, siku za kutokuja kazini, vyote havikuonyesha tofauti ya maana na wale walioachwa na maisha yao. Matokeo yakatoka mwaka 2019. Heshima kwao, si kila msomi anarudi kuikagua hesabu iliyompa jina.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Illinois. Wachumi watatu, Damon Jones, David Molitor na Julian Reif, kuanzia mwaka 2016 waliwafuatilia wafanyakazi karibu 5,000 wa chuo hicho, nao wakapigiwa kura vilevile. Kwanza, walitoa posho ya kupimwa, Wamarekani hawa wameelimika! Wasioahidiwa kitu, asilimia 47 walikamilisha upimaji. Walioahidiwa dola 100, wakafika asilimia 59. Dola 200, asilimia 63 tu. Nimeichapa aya hiyo nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, chini nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Hata mia moja inatosha."

Pili, waliangalia nani hasa anajiunga na mipango hii. Wakakuta ni wale ambao tayari walikuwa wanakwenda jimu ya chuo na kukimbia mbio za mji wao, na tayari bili zao za hospitali zilikuwa ndogo. Ukiwalinganisha na waliokataa, mpango unaonekana kama muujiza. Ukilinganisha kwa kura, muujiza haupo: jimu hawakuongeza kwenda, matibabu hayakupungua gharama.

Hili sikuhitaji kulisoma Illinois, ningeliona hapahapa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, na ofisi yetu imechukua Jumamosi hiyo kwa joging. Nenda ukaangalie wanaokuja. Ni vijana walewale wa TEHAMA wenye misuli, na dada mmoja wa masoko ambaye hukimbia hata asipofukuzwa. Wenye vitambi tunaonekana kwenye picha ya kuanzia tu. Wakishapiga picha sisi tunakata kona, tunakwenda kuwasubiri kwenye supu. Mwisho wa mwaka ripoti itaandikwa kwamba wanaokimbia nasi wana afya bora kuliko wasiokimbia, na mkufunzi ataongezewa mkataba.

Illinois walikuta vitu vichache sana vilivyobadilika. Kimojawapo ni kwamba wafanyakazi wa mpango walizidi kuamini kuwa uongozi unajali afya na usalama wao. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini keki ilikuwa ya ghorofa tatu.

Kuhusu ile sauti ya kike ya simuni, nayo imeshapimwa. William Fleming wa Oxford alichapisha mwaka 2024 uchunguzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza kutoka mashirika 233, akilinganisha waliopewa mafunzo ya kustahimili, programu za usingizi, vipindi vya kutulia na kuvuta pumzi, na wenzao ambao hawakupewa. Waliopewa hawakuwa na nafuu yoyote. Kilichoonekana kuambatana na nafuu ni kimoja tu, kupewa nafasi ya kujitolea kwenye kazi za hisani. Namwomba Mungu dada wa rasilimali watu asifike kwenye sentensi hiyo, maana Jumamosi ijayo tutajikuta Coco Beach tunaokota chupa.

Mtu atasema basi mwajiri asijishughulishe na afya yetu kabisa. Hapana. Sisi tuliokuwa kazini miaka ya UKIMWI tunakumbuka kampuni ilikuwa inazika. Kwenye mashamba ya chai ya Kericho nchini Kenya, ambako kazi ya mtu inapimwa kwa mzani kila jioni, watafiti walionyesha mwaka 2004 kwamba wachumaji waliougua walichuma kilo 4 hadi 8 pungufu kwa siku katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla ya kuacha kazi. Mwaka 2002 kampuni ya madini ya Anglo American kule Afrika Kusini ilitangaza itawapa wafanyakazi wake dawa za kufubaza virusi, wakati ambapo serikali yao ilikuwa bado inasuasua. Watu walirudi kazini. Hakukuwa na mkufunzi wala fulana. Kulikuwa na dawa. Ugonjwa unajulikana, dawa inajulikana, unamletea mtu pale alipo, na hesabu inarudi yenyewe bila slaidi.

Ugonjwa wa ofisi yangu nao unajulikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imenipa siku 28 za likizo kwa mwaka na saa 45 za kazi kwa wiki. Likizo nimeomba, nikaambiwa nisubiri tufunge mahesabu. Mahesabu ya kwetu hayafungwi, yanarudishiwa tu kama mlango wa choo cha stendi. Saa 45 huwa zinaisha Alhamisi mchana. Bosi alitutumia barua pepe yenye kichwa "Umuhimu wa Usingizi" saa tano na dakika arobaini usiku, na chini yake akauliza ile taarifa ya robo mwaka imefika wapi. Watu watatu walijibu kabla ya saa sita. Mmoja wao ni mimi.

Halafu kuna mgongo. Kiti changu kilipoteza gurudumu moja zamani, na mahali pa gurudumu nimeweka Mpango Mkakati wa kampuni, toleo lililopita, ambalo kwa unene limeenea vizuri sana. Nikiinama kulia kinanesa, nikiinama kushoto kinalia. Jioni nikishuka daladala natembea upande upande, na mke wangu anauliza kama nimetoka kazini au nimetoka kubeba gunia. Nikaandika dokezo la kuomba kiti. Likarudi na maelekezo: lete ankara kifani tatu za wauzaji tofauti. Nikaleta. Likarudi tena: lipite kamati ya zabuni. Likapita. Likarudi mara ya mwisho likiwa na mwandiko wa mkuu wetu wa fedha, yule bingwa wa hatua, kwamba kasma ya samani imekwisha, lisubiri mwaka mpya wa fedha, Julai.

Kasma ya ustawi ilikuwa bado na salio. Kwa hiyo, kwa kuwa malalamiko ya mgongo yamekuwa mengi, akaletwa mtaalamu wa viungo kutufundisha namna ya kukaa. Kijana mwenye adabu, kaja na mfano wa uti wa mgongo wa plastiki na slaidi za miguu iliyopinda nyuzi tisini. Alipita meza moja moja. Akafika kwangu, akanisalimu shikamoo, akakiangalia kiti, akainama akauangalia Mpango Mkakati, akakitikisa kidogo. Kikalia.

"Mzee, hiki usikikalie tena."

Nikamwuliza nikalie nini. Akasema hilo haliko kwenye hadidu za rejea zake, akaenda meza inayofuata.

Malipo yake yangenunua viti viwili, na chenji ya chapati ingebaki. Najua kwa sababu hati ya malipo niliiandaa mimi mwenyewe, mchana uleule, nimesimama.